Mume anataka tuagize nyumba ya kukunja kutoka China, tuna mil 31 tu, nimwambieje?

Shangazi shikamoo. Naomba unisaidie mawazo maana sina mwingine wa kumwambia, nikimwambia dada yangu atamwambia mama, na mama atampigia mume wangu simu, hapo itakuwa kesi nyingine.

Nina miaka 34, mimi ni nesi, mume wangu ni dereva wa kampuni, tuna watoto wawili, mkubwa yuko darasa la nne na mdogo ana miaka mitatu. Tumepanga Mbagala, 150,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Mkataba unaisha mwisho wa mwezi ujao. Kiwanja tunacho, kipo Vikindu ndani kidogo kutoka barabara ya Kilwa, 20 kwa 20, tulinunua mwaka juzi, karatasi tuliyonayo ni ile ya mauziano tu yenye muhuri wa mwenyekiti na mashahidi, na limeandikwa jina la mume wangu peke yake.

Hela tulizonazo ni mil 31. Mil 18 ni mgao wangu wa shamba la marehemu baba lilipouzwa, 13 ni zake amezichanga miaka mitano. Mpango ulikuwa tuanze kujenga nyumba ya tofali, vyumba viwili na sebule. Sasa tangu mwezi wa pili kaona mtandaoni zile nyumba za kukunja, inakuja kama boksi halafu inafunguliwa pande zote mbili inakuwa nyumba, ndani ina vyumba viwili, sebule, jiko na choo, kila kitu kimeshafungwa mpaka sinki. Bei dola 7,800. Muuzaji anamwambia masaa manne tu imesimama mnalala humo humo. Mume wangu kapiga hesabu ni kama mil 20, inabaki mil 11 ya kufunga na kununua kitanda kipya, yaani kwake limeisha. Muuzaji anataka asilimia 30 ya kuanzia na kamwambia ofa inaisha Ijumaa ijayo.

Mimi nina wasiwasi ila siwezi kusema ni wa nini hasa. Nikiuliza ananiambia naogopa vitu vipya, tofali zitatuchukua miaka kumi, angalia kila mtu mtaani kwetu ana msingi wenye majani, na kumlipa tena mwenye nyumba laki tisa ni kutupa hela. Na kusema kweli hapo kwenye msingi wenye majani hajadanganya, kaka yangu mwenyewe wake una miaka sita. Halafu anasema tena kwa vile kiwanja hakijapimwa ndiyo vizuri, siku wakija kutuwekea X ya kubomoa tunabeba nyumba yetu tunahama nayo.

Shangazi, hizo nyumba ni za kweli? Mil 31 inatosha? Na kama haitoshi nitamwambiaje bila kumfanya aonekane mjinga, maana ni baba mzuri na hii nyumba anaiwaza usiku na mchana, juzi kamchorea mtoto chumba chake kwenye daftari.

Mama wawili, Mbagala

MAJIBU YA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Pole na mawazo, na huyo mumeo mpe salamu zangu, mwanaume anayemchorea mtoto chumba kwenye daftari anataka kuitoa familia yake kwenye kupanga na hilo usilisahau hata mkianza kubishana.

Nyumba hizo ni za kweli, zipo na watu wanalala humo. Ile ya futi 20 ikifunguliwa inakuwa kama mita 5.9 kwa 6.3, yaani mita za mraba 37 hivi, kwa baba mama na watoto wawili inakaa. Kwa hiyo mumeo haoti. Tatizo ni kwamba kapewa bei ya kitu kilichoko China, na nyinyi mnataka kulala Vikindu.

Chukueni kalamu mkae wawili. Hiyo dola 7,800, muulizeni muuzaji ni bei ya wapi. Mara nyingi inakuwa FOB, maana yake mzigo umepakiwa melini kule bandari ya China, basi, kuanzia hapo ni juu yenu. Tufanye dola ni 2,600 (nyie wekeni ya siku hiyo), ni mil 20 na laki 2 na kitu. Nauli ya meli sasa. Nyumba kama hiyo ikiwa imekunjwa husafirishwa ndani ya kontena la futi 40 lile refu, na kontena moja huwa linabeba mbili, sasa wewe una moja, kwa hiyo ama mtafute mwenzenu wa kuchangia ama mlipe kontena zima huku nusu tupu. Nauli inapanda na kushuka kila mwezi, tuseme mmepata mwenza na sehemu yenu ni dola 2,000, na bima dola 100. Jumla dola 9,900, ni mil 25 na laki 7 na 40. Hapo meli inatia nanga Dar na bado hamjagusa kitu.

Ndiyo inakuja TRA. Ushuru wa forodha wanaupiga kwenye jumla hiyo yenye nauli na bima, siyo kwenye bei ya muuzaji, na hili watu wengi linawaumiza. Viwango vya Afrika Mashariki vinaenda kwa madaraja, kuna 0, kuna 10, kuna 25, kuna 35, inategemea mzigo umeingizwa kwenye fungu gani, na hilo fungu atawaambia wakala wa forodha, muuzaji wa Instagram hapana. Halafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla pamoja na ushuru wenyewe, kodi inapanda juu ya kodi. Nimewapigia njia tatu. Ushuru ukiwa 25 mnafika karibu mil 38. Ukiwa 10 ni mil 33 na laki 4. Na hata wakisema sifuri kabisa, VAT peke yake inawafikisha mil 30 na laki 3 na kitu. Sijaweka tozo ya reli, sijaweka gharama za bandari, sijaweka wakala mwenyewe.

Umeona mwanangu? Kwa njia iliyo nafuu kuliko zote hela yenu ya miaka mitano na shamba la baba yako vinaishia getini bandarini, na nyumba bado imekunjwa. Huo wasiwasi ulioshindwa kuusema, nafikiri ndio huu. Na mzigo ukikwama kwa sababu hela imepungua bandari haiwasubiri, zile siku za bure zikiisha storeji inahesabu kila siku na kampuni ya meli nayo inadai kontena lake. Nimeona mtu akiacha mzigo kwa hilo, mtu mzima analia nje ya ofisi ya wakala, sitaki nikuone wewe.

Tuseme hata mmepata mkopo mkautoa. Kutoka bandarini mpaka Vikindu unahitaji lori, na pale kiwanjani unahitaji kreni, maana kitu hicho kina tani kadhaa hakishushwi na vijana sita na kamba. Nenda katembee hiyo njia kutoka Kilwa Road mpaka kwenye kiwanja chako, itembee kwa miguu, angalia kona, angalia nyaya za umeme zilizoning'inia, angalia mtaro, halafu jiulize lori refu na kreni nyuma yake vitapitaje, na kama ni Aprili masika imekolea utelezi wake unakuwaje. Kijana wa jirani yangu alileta boksi la namna hiyo kwa ajili ya duka, lori likashindwa kukata kona ya mwisho, wakalala nalo barabarani siku mbili na dereva anahesabu hela yake ya kusubiri.

Hayo masaa manne aliyosema muuzaji yanaanza kuhesabiwa pale msingi ukiwa umeshakauka. Nyumba haikai kwenye mchanga, inataka sehemu iliyosawazishwa kwa pima maji, ikiinama kidogo tu mbawa hazifunguki sawa na milango inakwama. Jamvi la mita 6.5 kwa 7 lenye unene wa sentimita 10 linakula kama mifuko 30 ya saruji, weka na kokoto, mchanga, maji, tofali za kuzunguka, fundi. Choo kimefungwa ndani ndiyo, lakini lile bomba linatokea chini ya sakafu, na pa kwenda ni wewe uchimbe, shimo na karo lake unalijenga kwa tofali zile zile mumeo anazozikimbia. Maji ni ya DAWASA kama yamefika au kisima na simtank. Umeme, kuunganishiwa na TANESCO mjini bila nguzo ni 320,960 na kijijini 27,000, kaulizeni ofisi ya Mkuranga kiwanja chenu wanakihesabu wapi na kama kinahitaji nguzo maana nguzo ndiyo inabadilisha hesabu. Na soketi mwambieni muuzaji aweke za pini tatu kama zetu, za kwao ziko tofauti.

Sasa joto, hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu una mtoto wa miaka mitatu. Kuta za nyumba hizo ni bati jembamba huku na huku katikati stairofomu, na dari ni hivyo hivyo. Pwani yetu Januari na Februari unaijua. Stairofomu inachelewesha joto lakini likishaingia na madirisha ni madogo halitoki upesi, na kwenye kiwanja cheupe kisicho na mti mtalala nje. Dawa yake ni paa la pili, yaani mnasimamisha nguzo na bati juu ya nyumba lenye baraza, hewa inapita katikati, na hilo linasaidia pia mvua maana maungio ya kukunjia ndipo yanapovuja silikoni ikichoka. Ni jambo zuri, ila ni hela nyingine. Na kama mtaagiza, sasa au baadaye, ulizeni paneli ni milimita ngapi na ndani kuna nini, kuna za pamba ya mwamba ambazo haziungui kirahisi. Stairofomu ikishika moto inakwenda haraka na moshi wake una sumu, kwa hiyo jiko la mkaa humo ndani marufuku kabisa, na hata gesi pikieni kwenye banda nje. Na grili mtaweka, ukuta unaokatika kwa msumeno mdogo hauzuii mwizi wa Mbagala wala wa Vikindu.

Kuhusu kuhama nayo siku wakiweka X. Kwanza hifadhi ya barabara kuu tangu sheria ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, nyie mmesema mko ndani, pimeni mjue badala ya kuishi na hofu. Pili kuhama nayo ni kreni tena, lori tena, jamvi jipya tena, shimo jipya tena. Na kibali cha ujenzi cha halmashauri msidhani hakiwahusu kwa sababu nyumba imekuja na meli, kaulizeni kabla. Yaani mimi ningekuwa nyie hela ya kwanza kutoka kwenye hiyo mil 31 ingeenda kwenye kupima kiwanja, na siku ya kuandika majina yaandikwe mawili. Simsemi mumeo vibaya. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume kuuza nyumba ya familia bila mkewe kukubali, lakini kuidai haki mahakamani na kuwa na jina lako kwenye karatasi ni safari mbili tofauti, na mil 18 za marehemu baba yako zimo humo.

Nirudi kwenye msingi wenye majani, maana hapo mumeo kagusa kidonda cha nchi nzima. Watu wetu wanajenga kwa tofali kwa sababu hela zao zinakuja kidogo kidogo na tofali inakubali kusubiri, ukipata laki tano unanunua saruji, ukikosa ukuta unakaa hautozi storeji. Nyumba ya meli haina subira hiyo, inataka hela yote kwa pamoja na kwa tarehe. Msingi unaota majani pale mtu anapoanza na nyumba ya vyumba vinne wakati mfukoni ana hela ya viwili. Nyie anzeni na ukubwa ule ule wa boksi, mita 6 kwa 6.3. Kuta za nje na za kugawa ni kama mita 34, ukienda juu mita 2.8 ukatoa milango na madirisha, ukaongeza na za msingi, ni tofali 1,200 hivi za inchi sita. Kwa 1,600 moja ni mil 1 na laki 9 na 20. Kuta zote hizo! Ghali ni jamvi, nondo za linta, kupaua, bati, madirisha na choo, na fundi wa hapo hapo Vikindu awapigie hesabu yote kwa maandishi, mafundi wawili tofauti siyo mmoja, halafu mlinganishe. Kwa mil 31 mimi naiona nyumba hiyo mkihamia ikiwa na bati, milango, choo na umeme, plasta ya nje na tailizi zinaweza kusubiri. Na iwekeni pembeni mwa kiwanja, ile kubwa itakuja mbele siku moja Mungu akijalia, hii itakuwa ya uani.

Kontena kuukuu la kukata madirisha sikushauri kwa familia, la futi 20 ndani halifiki hata mita za mraba 14, na la 40 ni refu na jembamba kama basi.

Utamwambiaje. Usimwambie haitoshi, hapo ndipo mtakapogombana maana utaonekana unaipinga ndoto. Mwambie nimekubali tuiangalie, ila kabla ya kutuma asilimia 30 naomba tupate karatasi mbili. Moja kutoka kwa muuzaji, bei ya kufikisha Dar, jina la kampuni na akaunti ya kampuni, akitoa namba ya simu ya mtu binafsi msitume hata mia. Ya pili kutoka kwa wakala wa forodha mwenye leseni, aandike ushuru, VAT, tozo, bandari na malipo yake mpaka mzigo utoke getini, na awaeleze pia ule ukaguzi wa TBS, shirika la viwango, unaofanyika kabla ya kupakia, maana nao unalipiwa. Mwache mumeo ndiye aende kwa wakala, ni dereva, bandarini hakosi mtu anayemfahamu, na hesabu mtu akijifanyia mwenyewe hailemei roho kama akifanyiwa na mkewe. Akirudi mkae na lile daftari lenye chumba cha mtoto muandike humo humo. Kama ana hamu ya kuiona nyumba yenyewe mtafuteni mtu wa Dar anayeishi kwenye moja, siyo ofisi, anayeishi, muende saa nane mchana mkakae ndani nusu saa.

Na hiyo ofa ya Ijumaa, wauzaji hawa ofa zao zinaisha kila Ijumaa na zinarudi Jumatatu. Mwenye kuwaharakisha kweli ni mkataba wa Mbagala. Kwa hiyo mlipeni mwenye nyumba hiyo laki tisa, au muombe apokee ya miezi mitatu kwanza, 450,000, wengine wanakubali mpangaji akiwa msafi wa malipo na wewe nesi nadhani anakujua. Mumeo anasema ni kutupa hela, mwonyeshe kwamba tofauti ya ushuru wa 10 na wa 25 peke yake ni mil 4 na nusu, na hiyo tofauti hakuna anayeijua mpaka wakala aangalie fungu. Lipeni wiki hii, halafu Jumamosi nendeni Vikindu wote wanne mkaitembee hiyo njia mpaka kwenye kiwanja.